Hapa Wanasalimiana

Sitamtaja jina, wala la mkewe sitalitaja, na atakayenisoma hadi mwisho ataona kwamba si kwa woga. Gede nzima tulimwita Mfasiri. Hata leo, mwite hivyo akiwa sokoni au akitoka msikitini, atageuka.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na banda lake la video, na kwa miaka mingi nimekunja pindo za magauni huku sauti yake ikinijia kupitia kuta za mabati. Siku hizi kila mtu ana filamu zake ndani ya simu, anazitazama peke yake kitandani. Zamani hizo, na wala si zamani sana, filamu ilikuwa jambo la watu sitini kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nyuma, na mtu mmoja mwembamba kasimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitwambia wale Wazungu wanasemaje.

Kiitaliano alikiokota Watamu, alipokuwa akihudumu mezani kwenye hoteli. Watalii walipoondoka walimwachia kanda, baadaye diski, naye akazileta Gede na kutuonyesha Jumamosi baada ya Alasiri. Kwamba anajua kila neno, hilo hatukuwa na shaka nalo. Nani angembishia? Kiitaliano chetu sisi wengine kilianza na "chao" na kikaishia hapo hapo.

Kabla ya kuanza alivua ndara zake akaziweka pembeni, akasimama miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Nilidhani ni kwa ajili ya umeme. Siku moja nikamuuliza, akanijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa kabla ya kula.

"Fundi, humu ndani watakufa watu. Hata kama ni wa filamu, huingii msibani na viatu."

Na hakuwa akitania. Mtu akifa kwenye picha, Mfasiri alisimamisha kanda, akakaa kimya kidogo, akasema, "Huyu naye ana mamake," kisha akaendelea. Filamu za mapenzi zilivumilika. Lakini kuna Jumamosi alituletea filamu ya majambazi, wakafa watu mpaka tukachoka kuhesabu, na kila mmoja akasimamishiwa kanda. Vijana walipiga makofi ya kejeli. Hakuwajali. Adhana ya Magharibi ilitukuta tungali nusu ya filamu, na mpaka leo sijui yule mkubwa wa majambazi alikamatwa au la.

Wapenzi wakikaribiana nyuso, mambo yalikuwa mengine. Mfasiri alikuwa na kikoi begani daima, na sasa nikajua kazi yake. Alikikunjua akakitandaza mbele ya kioo cha televisheni, akawageukia watu kwa uso mkavu kabisa.

"Hapa wanasalimiana."

Akichungulia nyuma ya kikoi akaona hawajamaliza, alisema, "Bado wanasalimiana. Hawajaonana siku nyingi." Banda lilivunjika kwa kicheko, na wazee waliokuja na binti zao wakashusha pumzi. Maneno hayo yalienea hadi nje. Mpaka leo Gede ukiwakuta wachumba wamesimama karibu karibu nyuma ya duka, utasikia mtu akipita akisema, "Waacheni, hapa wanasalimiana."

Sasa nimseme mkewe, maana huwezi kumsema mmoja ukamwacha mwingine. Alikaa mlangoni mwa banda kwenye jamvi, na karai la bajia mbele yake. Mfasiri alipofika kwenye maneno ya mwanamke hakubana sauti kama wafanyavyo wachekeshaji. Aliishusha, akamtazama mkewe pale mlangoni, kisha akasema. Nina hakika nusu ya maneno ya wale wanawake wa Kiitaliano yalikuwa ya yule mama wa bajia. Sidhani Italia kuna mwanamke anayemwambia mumewe, "Weye kaa hivyo hivyo, utanikumbuka nikishazikwa."

Huku kwetu pwani mume wa heshima zake hamwiti mkewe kwa jina. Humwita Mama Fulani, na mbele za watu husema watu wa nyumbani. Hawa wawili hawakujaliwa mtoto, kwa hivyo yeye hakuwa na Mama Fulani wa kumwita. Akawa anasema, "Sikiza." Sikiza, nipe maji. Sikiza, twende zetu. Basi sisi majirani tukashika kwamba ndilo jina lake. Mara ya kwanza aliponiletea kitambaa nilikiandika kwa chaki, "Bi Sikiza", nikamwonyesha ili ajue hakitapotea. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Jina la kweli hakunipa. Alisema tu, "Liache hilo hilo, nimelizoea." Nikamwita Bi Sikiza tangu siku hiyo, na watoto wangu vivyo hivyo.

Kuna jambo moja juu ya Mfasiri lililonisumbua kwa muda mrefu. Nje ya banda sijapata kuona mtu mkweli kama yeye, ukweli wa kuudhi. Nilimshonea jirani gauni la harusi, nikajitapa nalo barabarani, naye akalitazama akasema, "Rangi yapendeza, lakini hapo mgongoni umemwonea." Wakati mwingine alimwambia mkulima mmoja wa Jilore kwamba mkutano wa chifu ni Jumanne. Kumbe ni Jumatatu. Alipogundua kosa lake alipanda baiskeli akaenda mpaka Jilore kulisahihisha, juani, kwa mkutano ambao yule mkulima hata hakuwa na nia ya kuuhudhuria.

Mtu huyo ndiye aliyetudanganya banda zima, na uongo wenyewe ukawa bora kuliko kweli zote alizowahi kunieleza.

Ilikuwa filamu ya mapenzi na mauti, ya vijiji vya milimani kwenye theluji. Kijana kamwoa msichana, na harusi haijatimia juma, msichana anafariki. Mauti kwenye filamu hiyo ni bibi kizee wa koti la kijivu, anatembea na kikapu kimejaa vipande vya karatasi, kila kipande na jina la mtu. Kijana anamfuata mpaka mtoni, anaingiza mkono kikapuni, anaiba karatasi ya mkewe. Kufika nyumbani anamkuta bibi harusi amekaa jikoni anamenya viazi. Lakini yule kizee anamjia mlangoni na kumwekea sharti, na akilivunja siku moja tu, mke ataondoka.

"Usimsalimie," Mfasiri alitafsiri, kwa sauti nzito. "Hilo ndilo sharti. Umempata, kaa naye, mle, mlale, mzeeke. Lakini asubuhi akiamka usimwulize ameamkaje. Ukirudi jioni usimwulize ameshindaje. Siku utakayomsalimia, nitakusikia, nitakuja."

Banda liliguna. Kukaa na mtu miaka yote bila salamu! Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema afadhali angemwacha kaburini. Tukatazama miaka ikipita kwenye picha, yule mwanamume akifungua mdomo kila asubuhi na kuufunga, na kila akiufungua watu sitini walimpigia kelele, "Usimsalimie! Usimsalimie!" Mwisho wamezeeka wote wawili, mke yuko kitandani, anamshika mumewe mkono, ananong'ona na kutabasamu, mume anainama, midomo inatikisika mara moja tu.

"Hujambo," akasema Mfasiri.

Mke akafumba macho. Kanda ikasimama. Hakuna aliyesikia "huyu naye ana mamake" siku hiyo, kwa sababu Mfasiri mwenyewe alikuwa ametupa mgongo.

Nililia, na sioni haya kusema. Lakini la ajabu lilikuja kesho yake. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema ila mzito wa mdomo. Kila asubuhi alitoka kwenda kazini bila neno, miaka kumi na moja, na mimi nilishakata tamaa. Jumapili hiyo alifika mlangoni, akasimama, akarudi ndani.

"Umeamkaje?" akaniuliza.

Nikashtuka. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nakuuliza umeamkaje."

Na si yeye peke yake. Wiki ile wanaume wa Gede waliwasalimu wake zao mpaka wake wakaanza kuwashuku. Wengi waliacha baada ya siku chache. Wangu hakuacha. Alinisalimu kila asubuhi mpaka ile aliyoamka hawezi kusema, na hata siku hiyo alinigusa mkono. Deni hilo la shukrani ninalo kwa Mfasiri na sitalimaliza.

Basi fikirini hasira yangu miaka michache iliyopita, banda limeshafungwa zamani, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi hotelini Watamu aliponiletea filamu ile ile kwenye simu yake. Kiitaliano anakijua vizuri. Tukaitazama pamoja, yeye akinifasiria. Tulipofika kwenye sharti nikamwambia, "Hapo anasema usimsalimie."

"Hapana, mama mdogo," akasema. "Anasema usimtaje jina. Jina lake limetoka kikapuni, Mauti amelisahau. Mume akilitaja tu, Mauti atalisikia na kulikumbuka."

Salamu haikuwemo filamu nzima. Na mwisho haukuwa ule. Yule mwanamke wa kitandani alikuwa na maumivu, amechoka, na ni yeye mwenyewe aliyemshika mumewe mkono na kumwambia, "Niite." Mume akakataa, akakataa tena, kisha akamwita.

Nilivaa buibui nikaenda moja kwa moja. Nilimkuta barazani na mkewe, mama anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo."

"Marahaba, Fundi. Mbona wahema?"

"Ulitudanganya, Mzee. Ile filamu ya theluji. Mume hakukatazwa kusalimu. Alikatazwa kutaja jina."

Hakukana. Alikivuta kikoi chake begani, akanitazama kwa upole.

"Fundi, ningesema jina mbele ya watu wa Gede? Hebu fikiri. Mzee mmoja wa wale wapenda kusimama katikati ya filamu angesimama. Angeniambia, 'Mfasiri, mimi nina miaka thelathini sijamtaja wangu, na hakuna kizee aliyeniwekea sharti.' Banda lingecheka, na filamu ingekufa pale pale. Wale kwao jina ndiyo mapenzi. Kwetu je? Nikatafuta kitu ambacho mtu wa hapa akinyimwa ataumia. Nikaona ni salamu."

Nikamwuliza, "Na mwisho? Mwisho kwa nini uliubadilisha? Yule mwanamke aliomba mwenyewe."

Aliinama akaanza kukunja ncha za kikoi. Mkewe aliinua uso kutoka kwenye ungo.

"Kwani aliomba?" akauliza.

"Aliomba," nikasema mimi.

Bi Sikiza alirudi kwenye mchele wake, akatoa punje mbili tatu za mpunga akazitupia kuku. "Mimi nilijua palikuwa na kitu. Yule mama alitabasamu kabla hajasalimiwa." Kisha, bila kumtazama mumewe, "Na mimi nikikuomba, utaniita?"

"Sikiza, wacha maneno hayo," Mfasiri akasema, na sauti yake haikuwa ya banda.

Mwaka uliofuata yule mama akaanza kusahau. Kwanza aliisahau chumvi, halafu njia ya sokoni, halafu sisi. Mwaka huu akaacha kuitika. Mfasiri alimwita "Sikiza" kwa kila sauti aliyokuwa nayo, na mtu huyo alikuwa na sauti za watu elfu, mama akawa anatazama ukuta. Kijiko cha uji akikifungia mdomo. Alikonda mpaka nikazipunguza nguo zake zote mara mbili.

Ni mimi niliyempeleka zahanati, kwa kuwa Mfasiri mgongo ulimshika, na kadi aliyonipa ndani ya bahasha nikaikabidhi dirishani bila kuifungua. Tulikaa kwenye benchi, mama kimya kama alivyokuwa kwa wiki nyingi, hamjui aliye kando yake. Nesi akatoka na kadi mkononi, akasoma jina. Sikushughulika, nikidhani si letu.

"Bee!" akaitika mama aliye kando yangu.

Aliitika kwa sauti ya msichana anayeitwa na mamake uani. Hata akataka kusimama. Hivyo ndivyo nilivyolijua jina lake, nikiwa na mvi kichwani, baada ya kumshonea nguo nusu ya maisha yangu. Nesi akaniambia nimweleze mumewe. Amwite kwa jina lake kila mara, hasa wakati wa kula, huenda akarudi kidogo. Na asikawie, alisema, kwa sababu mtu asiyekula hana siku nyingi.

Nilimweleza jioni ile ile. Alikataa. Nikamweleza tena kesho yake, na keshokutwa. Wiki ya pili nikakasirika.

"Ni aibu, Mzee? Hakuna mtu hapa. Mwite, mimi nitatoka nje."

"Si aibu, Fundi."

"Ni nini basi?"

"Ninyi niliwaambia salamu. Mimi sharti la kweli nalijua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimelijua miaka yote hiyo, peke yangu. Na yeye mwenyewe ulimsikia pale barazani, aliniuliza. Nikimwita akaitika, kisha akenda zake?"

"Ile ni filamu!"

"Mimi ndiye niliyewaliza kwa filamu. Usinifundishe filamu ni nini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimwonea huruma na nilimpenda vile alivyokuwa, mzee aliyeogopa hadithi aliyoibadilisha kwa mdomo wake. Nikamwuliza jambo moja tu, la mwisho.

"Na hivi usivyomwita, yuko wapi sasa?"

Nikaenda nyumbani nikidhani nimemwumiza bure. Asubuhi yake, saa nne hivi, alinitumia mtoto wa jirani kuniita. Nilimkuta mlangoni mwa chumba cha mkewe. Bakuli la uji lilikuwa tayari kwenye stuli. Alinionyesha kiti cha pembeni.

"Kaa. Sitaki kuwa peke yangu."

Kisha akavua ndara. Aliziweka vizuri kando ya mlango, ncha zikielekea nje, kama alivyokuwa akiziweka bandani, akaingia miguu mitupu. Aliinama kitandani, akamwekea mkewe mkono begani, na akalitaja lile jina. Alilitaja taratibu, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni.

Hakuna kilichotokea. Mama alikuwa akitazama ukuta. Mfasiri alinigeukia, na uso ule sitausahau.

"Tena," nikamwambia.

Akalitaja tena, safari hii kwa nguvu.

"Bee!"

Mama akageuka. Alimtazama mumewe kwa muda, akanitazama na mimi pale kitini, kisha akamrudia yeye, na paji lake la uso likakunjamana kwa ghadhabu.

"Weye! Waniita jina mbele ya mgeni? Nani kakufunza adabu hiyo?"

Jina langu hakulijua, wala jina la mwezi, wala kwamba ni mgonjwa. Lakini alimjua mumewe na akajua amemkosea heshima. Mfasiri alisimama pale, machozi yakimshuka mpaka kwenye kikoi.

Hasira ikampita mama haraka, kama ilivyokuwa desturi yake. Alimtazama yule mzee anayelia kando ya kitanda chake, akanyoosha mkono akamshika kidole.

"Haya, yaishe," akasema. "Hujambo lakini?"

Mtu huyo aliwahi kuwasemea wafalme na majambazi, wachumba na wajane, na hata Mauti, na siku zote za banda sikumwona akikwama neno. Sasa alifungua mdomo akaufunga. Akaufungua tena. Uji ulikuwa ukipoa kwenye stuli, na mama alikuwa akingoja, na mimi sikujua angengoja mpaka lini kabla hajaurudia ukuta. Nikajikuta nimesimama, napiga kelele kama niko kwenye mabenchi.

"Mjibu, Mfasiri! Amekusalimu, mjibu!"

Akamjibu.